Mpangaji kahama usiku, kaacha mbwa kafungwa kwenye mpera. Hili ni la mtaa, la kata au la nani?

#1 Mla Mapera
Wakuu, mwadila. Niende moja kwa moja.

Jirani yangu, mpangaji wa nyumba ya pili, kahama Jumapili usiku. Kenta ilikuja saa nne, wakapakia makochi, friji, mpaka mlango wa bafu wa bati aliouweka kwa hela yake kaung'oa. Mbwa kaachwa. Kafungwa kwenye mpera kwa ile kamba ya kijani ya nyavu, haifiki mita mbili, na sufuria bovu pembeni limekauka. Jumatatu nikadhani mwenyewe atarudi kumchukua. Jumanne mbwa akaanza kutafuna gome la mpera. Jumatano nikaruka ukuta nikampelekea maji. Alikunywa hadi akamaliza bila kuinua kichwa, na nilipomshika shingoni kamba ilikuwa imeshazama kwenye manyoya, panatoa harufu.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa: mambo ya mbwa ni ya mtendaji. Mtendaji: nenda kata. Kata nikamkuta bwana mifugo, kijana mstaarabu tu, akasema yeye kazi yake ni ng'ombe, nguruwe na ukaguzi wa nyama, mbwa asiye na mwenyewe anapigwa kama anasumbua. Nikamwambia hasumbui, amefungwa. Akaniuliza, sasa malalamiko yako ni nini? Kituoni nao waliuliza swali moja tu: kakuuma?

Kata siitaji, msinichimbe. Nipo Mwanza, inatosha. Swali langu: mnyama akitelekezwa au akipotea, nani anatakiwa kisheria kumchukua?

#2 Dagaa Mchele
Wewe. Ukishampa maji umeshamrithi.

#3 Ngosha wa Magu
Mkate kamba umwache. Mbwa wa Mwanza hafi njaa, atashuka mwenyewe hadi Mwaloni Kirumba akale kuliko wewe.

#4 Wakili wa Kibarazani
Mleta uzi, ngoja nikupangie.

Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Hiyo inakataza ukatili kwa mnyama, na mbwa ni mnyama kama ng'ombe. Kumfunga mnyama bila maji wala chakula ukaondoka ni ukatili mchana kweupe, haihitaji shahada. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya 2003, inayohusu mambo ya kichaa cha mbwa na kadhalika. Halafu zipo zile mbili za serikali za mitaa za mwaka 1982, Sura 287 ya halmashauri za wilaya na Sura 288 ya miji, zinazoipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Zile faini za mbuzi na ng'ombe wanaozurura mjini zinatoka humo.

Kwa hiyo mamlaka ya kushughulika na wanyama mjini ni ya halmashauri. Huko kwingine walikuwa wanakuzungusha.

#5 Dagaa Mchele
Wakili, umesema "mamlaka". Jamaa kauliza "anatakiwa". Mimi nina mamlaka ya kuoa wake wanne, haina maana natakiwa.

#6 Wakili wa Kibarazani
Dagaa, umeniweza. Na hapo ndipo kesi ilipo. Sheria ndogo nyingi nilizowahi kusoma zinamshughulikia mwenye mnyama: usizurulishe mifugo, ukizurulisha utalipa. Mnyama mwenyewe, aliyekosa mwenyewe, zinampita pembeni. Ukienda na mbuzi wa jirani pale ofisini watampokea, kwa sababu nyuma yake kuna mtu atakayekuja na faini. Ukienda na mbwa wa mpera, nyuma yake hakuna stakabadhi.

#7 Paka Shume
"Nyuma yake hakuna stakabadhi." Mbuzi pia ana supu, usisahau.

#8 Bwana Mifugo Mstaafu
Salaam. Nimefanya kazi hii kanda ya ziwa miaka mingi, niseme machache kabla hamjapotezana.

Ngosha namba 3, tafadhali usiwashauri watu kukata kamba na kuachia. Mbwa huyo hatujui kama ana chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna hospitali itakayokurudisha. Duniani makadirio ni watu 59,000 kwa mwaka, na karibu wote wameng'atwa na mbwa. Mla Mapera, na wewe uliyemshika shingo: kama una mchubuko mkononi na mate yamegusa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali uwaeleze. Usingoje kuona.

Jambo la pili. Watu wanasema "mbwa koko", wanadhani ni mbwa wasio na wenyewe. Nchini kwetu wengi wa mbwa mnaowaona barabarani wana wenyewe, ila hawafungwi. Anatoka asubuhi, anazunguka, jioni anarudi mlangoni. Kwa hiyo mkisema halmashauri ikusanye mbwa wasio na wenyewe, itakusanya mbwa wa watu. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunasita, si kwamba hatupendi wanyama.

#9 Ngosha wa Magu
Mzee shikamoo. Nimekubali kuhusu kamba. Ila "tulikuwa tunasita" hapana. Mtaani kwetu mwaka fulani lilipita gari la matangazo: funga mbwa wako, kesho mbwa yeyote atakayeonekana nje atauawa. Kesho yake kweli. Mbwa wangu alikuwa mlangoni, si barabarani, mlangoni, mkia ukiwa ndani ya uwa. Hapakuwa na kusita.

#10 Bwana Mifugo Mstaafu
Marahaba. Pole. Sitatetea hilo. Kuua ovyo hakumalizi kichaa: unaua mbwa kumi, mtaa unaleta watoto wa mbwa kumi ambao hawajachanjwa, na huenda uliowaua ndio waliokuwa wamechanjwa. Kinachofanya kazi ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia. Vijiji vinavyoizunguka Serengeti wamefanya hivyo miaka mingi na matokeo yanaonekana. Na mbwa akimuuma mtu, msimuue hapo hapo kwa hasira. Akifungwa akaangaliwa siku kumi akabaki mzima, ni habari njema kwa aliyeumwa. Mkimuua na kumzika, mmezika na jibu.

#11 Mama Mapanki
Mimi nawasoma tu nacheka. Njooni kwangu muone chanzo.

Nakaanga mapanki, kazi ya mwaka wa 14 huu. Vichwa na mifupa ya sangara vikishuka tu, mbwa wamekaa mstari, wanajuana nani wa kwanza. Kuna jike moja jeusi lina sikio moja, hilo huwa halibweki, linaweka tu kidevu kwenye ndoo yangu na kuniangalia. Hao hawakutelekezwa na mpangaji wala nani, wamezaliwa pale, mama zao walizaliwa pale. Samaki akiwepo mbwa wapo. Mnatafuta sheria, tafuteni pa kutupa mabaki ya samaki kwanza.

#12 Dagaa Mchele
Mama Mapanki naomba location (ya mapanki, si ya mbwa).

#13 Nipo Leicester
Habari za huko nyumbani. Nimekulia Kitangiri, sasa niko Uingereza, kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kufua mablanketi ya banda la mbwa kwa hiyo hili nalijua.

Huku neno ni LAZIMA. Sheria yao ya mazingira ya mwaka 1990 inaamuru kila halmashauri iwe na afisa wa mbwa waliopotea. Akikamatwa, anahifadhiwa siku 7. Mwenyewe akija analipa gharama za chakula na malazi ndipo anapewa. Asipokuja, halmashauri inaweza kumuuza, kumgawa, au kumuua kwa sindano, ila sheria inakataza asiuzwe wala kutolewa kwa majaribio ya maabara. Zamani polisi nao walikuwa wanapokea, tangu Aprili 2008 jukumu limebaki kwa halmashauri peke yake. Na tangu 2016 kila mbwa anatakiwa awe na chipu chini ya ngozi yenye namba ya mwenyewe. Wakimwokota wanamskani kama bidhaa ya dukani, wanakupigia.

Kwa hiyo mleta uzi angepiga simu moja tu.

#14 Paka Shume
Leicester, na paka je?

#15 Nipo Leicester
Paka hawamo. Kifungu hicho ni mbwa tu.

#16 Paka Shume
Nilijua. Ulaya nzima, siku saba, mablanketi, na paka hawamo.

#17 Shemeji wa Ukerewe
Paka Shume usilie, njoo visiwani. Kambi za dagaa zinabeba paka kwa ajili ya panya, maana panya hutoboa nyavu na magunia. Samaki wakihama, kambi inahama: wanang'oa maturubai, wanapakia mitumbwi, taa, masufuria, na paka wanabaki mwambani. Niliwahi kushuka kisiwa kimoja kidogo, hakuna mtu, paka kama ishirini wamekaa juu ya chanja tupu za kuanikia dagaa wanaangalia ziwa. Nilikuwa na mkate tu.

Sasa hapo halmashauri ipi? Paka wale walizaliwa Ukerewe, wakabebwa na wavuvi kutoka Sengerema, wakaachwa kwenye mwamba usio na hata kitongoji.

#18 Mzaliwa wa Mabatini
Usiende mbali mpaka visiwani. Mjini hapa hapa tuna halmashauri mbili tangu Ilemela ilipotengwa na Jiji mwaka 2012. Kuna mbwa namfahamu analala Mabatini, anakula Buzuruga. Jiji wakimtafuta yuko Manispaa, Manispaa wakimtafuta yuko Jiji. Huyo ndiye raia pekee wa Mwanza asiyelipa ushuru popote.

#19 Kijana wa Nyakato
Kwa hiyo tumpeleke Saanane tumalize 😂

#20 Mzaliwa wa Mabatini
Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, utakamatwa wewe na mbwa wako. Ila zamani, kuanzia 1964, pale palikuwa bustani ya wanyama, babu yangu alikuwa anasimulia walivyokuwa wakivuka na boti kwenda kuangalia wanyama Sikukuu.

#21 Shemeji wa Ukerewe
Kama ni wanyama waliokosa kwao, ziwa hili lina historia kubwa kuliko Saanane. Rubondo, sokwe wale waliopo pale mababu zao walitoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wakaletwa kati ya 1966 na 1969 na kuachiwa kisiwani. Kumi na kitu tu. Walikuwa wamezoea kulishwa kwa mkono ndani ya vizimba, leo wajukuu zao wanajenga viota mitini na hawataki kumwona mtu. Tulipokea sokwe wa Wazungu, tunashindwa mbwa wa mpangaji.

#22 Wakili wa Kibarazani
Mnatoka nje ya mada lakini endeleeni, nimejifunza.

#23 Ustadhi wa Igogo
Assalaam aleykum. Fikihi ina mlango mzima wa kilichookotwa, na mnyama aliyepotea yumo. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kondoo aliyepotea, akajibu ni wako, au ni wa ndugu yako, au ni wa mbwa mwitu. Maana yake mchukue, usipomchukua ataliwa. Akaulizwa ngamia, hilo halikumpendeza: una nini naye, ana viatu vyake na maji yake, mwache mpaka mwenyewe amkute. Anayejiweza unamwacha, asiyejiweza unamchukua. Sasa mbwa aliyefungwa kamba ya mita mbili ni ngamia au ni kondoo?

#24 Mwana Kwaya
Kumbukumbu la Torati 22, Ustadhi, tunakutana. Ukimwona ng'ombe au kondoo wa ndugu yako amepotea usijifiche, umrudishe. Na kama ndugu yako yuko mbali au humjui, umlete kwako nyumbani akae mpaka ndugu yako atakapomtafuta. Hakuna afisa mtendaji kwenye mstari ule, aliyemwona ndiye anayebeba.

#25 Dagaa Mchele
Si nilisema namba 2? Niliwatangulia Ustadhi na Mwana Kwaya kwa sentensi mbili. Naomba kofia yangu.

#26 Ngosha wa Magu
Usukumani ng'ombe akipotea unapigwa mwano, kijiji kizima kinatoka, na hakuna anayeuliza ni kazi ya nani. Sungusungu yenyewe ilizaliwa miaka ya 1980 kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wanaibwa. Serikali ilikuja baadaye kukuta watu wameshajipanga. Siku hizi ng'ombe ana hereni sikioni yenye namba, kuna sheria yake ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010. Mbwa sijasikia.

Kwa hiyo tatizo si halmashauri. Hatujawahi kumhesabu mbwa kama kitu kinachopotea. Mbwa kwetu "anaenda".

#27 Bwana Mifugo Mstaafu
Ngosha, hapo nakupinga kidogo. Mzee wangu aliwahi kutembea siku mbili kumtafuta mbwa wake wa kuchungia. Mfugaji anamhesabu mbwa sana. Sisi wa mjini, tunaokodi chumba na mbwa wa kulinda king'amuzi, ndio tusiomhesabu.

#28 Mwenye Nyumba Mkuyuni
Ngoja na mimi niseme maana kila uzi mwenye nyumba ndiye shetani. Wapangaji wanaingia na mtoto wa mbwa mdogo kama kiatu, hawakuulizi. Mwaka unapita, mbwa ni ndama. Wanahama, mpangaji mpya anaogopa mbwa, anakataa chumba. Mimi mara mbili nimelipa mtu wa bodaboda akampeleke mbwa "shambani". Sikuuliza ni shamba gani. Mnihukumu.

#29 Paka Shume
Tumekuhukumu.

#30 Kijana wa Nyakato
Turudi kwenye hela. Halmashauri ikijenga banda, mbwa 50 wanakula nini kwa siku na nani atalipa? Zahanati zetu wenyewe unaambiwa dawa kanunue nje. Uturuki mwaka 2024 bunge lao lilipitisha sheria ya kuzitaka halmashauri ziwaondoe mbwa mitaani na kuwaweka kwenye mabanda, na watu waliandamana wakisema mabanda yenyewe hayatoshi, mbwa watakufa. Nchi yenye uwezo kuliko sisi.

#31 Nipo Leicester
Nyakato, si lazima banda. Anza na namba moja ya simu na mtu mmoja anayejua akipigiwa afanye nini. Leo mleta uzi kazunguka ofisi nne na hakuna hata mmoja aliyeandika jina lake kwenye daftari.

#32 Mama Mapanki
Mwaka wa mafuriko ya Mto Mirongo waliandika majina yetu kwenye daftari. Daftari lilikuwa zuri.

#33 Mla Mapera
Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa kazini. Asanteni. Nilienda hospitali kama Mzee alivyosema, nilikuwa na mkwaruzo wa ukuta kiganjani, nimeanza sindano.

Mbwa: nimemtafuta daktari wa mifugo binafsi, kaja na mkasi, kakata kamba pole pole, ilibidi amwagie maji ya chumvi kwanza maana manyoya yalikuwa yameganda na damu. Kamchanja, kadi imeandikwa jina langu kwa sababu dokta alisema lazima aandike la mtu. Yuko uwani kwangu. Mke wangu hajaongea tangu jana.

Kuna jambo dogo. Mtoto wa jirani kaniambia jina la mbwa. Anaitwa Mtasema.

#34 Dagaa Mchele
😂😂😂😂 Subiri. Nyumba ya pili. Jirani ni wewe. HUYO MBWA ALIITWA HIVYO KWA AJILI YAKO.

#35 Ngosha wa Magu
Mwaka mzima jamaa anaita "Mtasema! Mtasema!" jioni ukiwa unakula, na wewe hukuelewa?

#36 Mla Mapera
Nilidhani anaongea na simu.

#37 Paka Shume
Na sasa utamwita wewe, kwa sauti, mtaa mzima ukisikia.

#38 Wakili wa Kibarazani
Kadi ya chanjo yenye jina lako ni ushahidi mzuri. Sasa ukiulizwa mwenye mbwa ni nani, jibu liko kwenye karatasi. Sheria ndogo ya uzururaji ikija, inakuja kwako.

#39 Kijana wa Nyakato
Yaani halmashauri imepata mtu wa kumtoza faini bila kutoka ofisini. Kweli mfumo unafanya kazi.

#40 Mla Mapera
Wakuu, uzi umegeuka. Saa hizi nimepigiwa simu na namba ngeni. Ni yule mpangaji, yuko Geita, kapata kazi mgodini. Kasema kenta ilijaa, dereva akakataa mbwa, akampa kijana mmoja hela ya chakula cha wiki mbili na kumwomba amwangalie. Kijana katokomea na hela. Kasema mwisho wa mwezi anakuja kumchukua Mtasema wake, na kaniuliza kama anakula vizuri.

Sijui kama ni kweli. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. Nimeshindwa kumjibu.

#41 Mwana Kwaya
"Akae kwako mpaka ndugu yako atakapomtafuta." Kamtafuta. Mrudishie.

#42 Mwenye Nyumba Mkuyuni
Nilisema si kila anayeacha mbwa ni shetani, mkanihukumu.

#43 Bwana Mifugo Mstaafu
Muulize jina la huyo kijana na alimpa shilingi ngapi. Mtu anayesema kweli atakuwa na jibu la haraka. Kidonda cha shingoni hakikuanza Jumapili, kamba haizami siku nne.

#44 Nipo Leicester
Hiyo hoja ya Mzee ni nzito. Kamba ilikuwepo kabla ya kenta. Usitoe mbwa. Au angalau alipe gharama kwanza: dokta, chanjo, chakula.

#45 Ustadhi wa Igogo
Gharama ni haki yake aliyehifadhi, anaweza kudai. Mnyama bado ni wa mwenyewe.

#46 Wakili wa Kibarazani
Mwenyewe ni yupi, Ustadhi, wa kadi au wa kamba?

#47 Mla Mapera
Nimempigia, simu haipatikani. Mtasema kalala kwenye kandambili zangu, ukimgusa shingo anakunja mdomo lakini haumi. Mke wangu kaongea: kasema kama anakaa, alale nje, na jina libadilishwe kabla ya Jumamosi maana mama yake anakuja.

#48 Mama Mapanki
Mlete asubuhi nimpe vichwa viwili vya sangara. Vichemshe kwanza, mifupa itamkaba.